Kata

Waraka umesomwa saa nne, ofisi ya kata.
Aliyeusoma ni Deusdedit, mtendaji,
ambaye mwaka wa tisini na moja, darasa la tano B,
nilimfundisha vitawe kwa neno hilohilo.

Siku ile nilisokota kitenge, nikakiweka utosini,
juu yake ndoo imejaa maji ya ziwa,
nikatembea kati ya madawati, halikudondoka tone.
Hii ni kata, nikawaambia.
Na nyumbani kwenu ni kata gani? Na panga hufanya nini?
Linakata! wakaitika hadi darasa la pili wakasikia.
Deusi, kamasi juu ya mdomo, akanyoosha kidole:
Mwalimu, neno moja linabebaje yote hayo?

Leo anasema: "Hakuna kilichokatwa, wazee wangu.
Kitita kimeboreshwa."
Kasema akitazama feni.

Tulikuwa arobaini na mmoja, viti ishirini.
Waliobaki walikalia mawe ya nje, wakasikilizia dirishani;
Igogo hakuna anayekosa jiwe la kukalia.
Vidonge vya mwezi vimekuwa vya siku kumi.
Kipimo cha figo kimetoka. Miwani imetoka.
Insulini ipo, alisema, ila ya kuchangia,
na kiasi cha kuchangia akakisoma upesi
kama mtoto anayeruka neno gumu.

Bulugu aliinua mkono. Winchi ya bandarini, miaka thelathini na miwili.
Insulini yake hulala mtungini, kwenye mchanga uliolowa,
maana friji ni hadithi ya ng'ambo ile, Kapripointi.
"Makato yangu," alisema, "hayakukosa mwezi hata mmoja.
Hata mwezi niliovunjika mguu yalikatwa.
Njia ya kwenda yaliijua. Ya kurudi ndiyo yameisahau?"

Holo hakuinua mkono. Holo ana wembe kwenye pochi,
kaufungia kwenye karatasi ya chumvi.
Hupasua kidonge cha presha juu ya sahani,
nusu leo, nusu keshokutwa,
halafu hulamba kidole kilichookota unga wake.
Najua, kwa sababu sahani ni yangu.

Ndipo nikasimama. Magoti yalitangulia kulalamika.
Nikasema: Deusi, kuna kitu sikukwambia mwaka ule.
Kata haibebi maji. Kinachobeba ni kichwa.
Kata inakaa tu pale, kati ya uzito na fuvu,
kitambaa tu, hata thamani yake huioni
mpaka mtu akichomoe ukiwa katikati ya mlima.
Sisi maji yetu tumebeba. Mmekunywa, wewe ukiwemo.
Hatukuomba kutuliwa ndoo.
Kitambaa hiki mnakichomoa kwa nini?

Feni ilikwaruza.
Deusi akasema yeye ni mjumbe tu, waraka umetoka juu.
Nikasema na barua yetu itapanda hukohuko juu,
watu wa mlimani hatutishwi na ngazi.

Tuliiandika palepale, kwenye daftari la mjukuu wa Bulugu,
upande wa pili una hesabu za sehemu.
Majina arobaini na moja, tisa kati yake ni dole gumba.
Tulibishana nusu saa juu ya kichwa cha barua:
Holo alitaka "Ombi."
Nikamwambia tulishalipa, hatuombi.
Tukaandika: YAH: KUKATA RUFAA.

Deusi aliisoma yote, midomo ikicheza.
Nje, jiwe la tatu kutoka mlangoni,
alikaa mama yake, fimbo kati ya magoti.
Akavuta droo, akatoa muhuri, akagonga.
Wino ulikuwa umekauka,
pakabaki duara lisilosomeka.

Rudia, nikamwambia.